Mshipa ukipasuka kichwani siku hizi unatibika, lakini nani atamfikisha mgonjwa?



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wa vijijini bado wanalihesabu kuwa ni kudra tupu isiyo na dawa, yaani kupasuka kwa mshipa wa damu kichwani. Nimesukumwa kuandika na mazungumzo ninayoyasikia kila mara msibani na barazani. Mtu akisema tu kwamba marehemu "alipasuka mshipa wa kichwa", wote huinamisha vichwa na habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza alipelekwa wapi, alifika saa ngapi, wala alipigwa picha gani. Mimi nasema yafaa tuanze kuuliza, kwa sababu ugonjwa huu siku hizi unatibika, tena mara nyingi bila kupasua fuvu, na wanaoijua kazi hiyo wamo humu humu nchini.

Kwanza ifahamike tunazungumza juu ya nini. Wenye baiskeli wanajua kwamba tairi likiliwa mahali pamoja, tyubu huchomoza pale na kufanya kipira, na kila upepo unapoongezwa kipira hicho huzidi kutanuka na ngozi yake huzidi kuwa nyembamba. Mishipa ya damu iliyoko chini ya ubongo, hasa pale inapogawanyika kama njia panda, huweza kufanya hivyo hivyo. Kipira hicho madaktari hukiita aneurizimu. Inakadiriwa kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 3 wanacho, na wengi wao watazeeka na kufa kwa maradhi mengine bila kujua. Lakini kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na hapo hali huwa mbaya mno: kama theluthi moja ya wagonjwa, au hata zaidi, hufa. Wenye presha isiyotibiwa na wavuta sigara wamo katika hatari zaidi, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Iko kasoro ya pili, ambayo huhesabiwa kuwa ni ya kuzaliwa nayo. Katika somo la sayansi tunawafundisha watoto kwamba damu hutoka moyoni kwa ateri, ikapita katika kapilari, ndipo ikarudi kwa vena. Kwa watu wachache iko sehemu ambapo ateri imeungana moja kwa moja na vena, pasipo kapilari katikati, na mishipa imejisokota kama fundo la mizizi. Sisi tunaolima mpunga kwa mifereji hatuna shida kulielewa jambo hili. Ukifungua mfereji mkuu uingie moja kwa moja kwenye mtaro wa kutolea maji, bila maji kutawanyika kwanza katika majaruba, kingo za mtaro zitabomoka tu, maana hazikujengwa kwa nguvu ile. Vena ndio huo mtaro. Kasoro hii haingoji uzee. Humpata kijana wa miaka 20 au 30, na wakati mwingine dalili yake ya kwanza ni kifafa kilichoanza ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nacho utotoni, kifafa ambacho huku kwetu kina majina mengi na wataalamu wengi wa kukipungia.

Kwa miaka mingi tiba ya kipira kilichopasuka ilikuwa ni moja: kufungua fuvu, kuusogeza ubongo taratibu, na kukibana kipira shingoni kwa kibanio cha chuma. Daktari Walter Dandy wa Marekani ndiye aliyefanya hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Ni kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa, na hata leo wako wagonjwa ambao hiyo ndiyo inayowafaa. Lakini palikuwa na watu waliojiuliza swali la kitoto, na mimi kama mwalimu maswali ya namna hiyo huniburudisha: ikiwa mishipa yote ya mwili imeungana, kwa nini tubomoe ukuta wakati mlango upo?

Picha za mishipa ya ubongo zilikuwa zimeanza kupigwa mwaka 1927 na Mreno Egas Moniz, aliyetia ndani ya damu dawa inayoonekana kwa eksirei. Mwaka 1953 Seldinger wa Sweden akaonyesha njia salama ya kupitisha waya na mpira mwembamba ndani ya mshipa kwa tundu la sindano. Mwaka 1964 Charles Dotter wa Marekani akautumia mpira huo kuuzibua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 ambaye alikuwa amekataa katakata kukatwa mguu. Bibi yule aliendelea kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Huko Moscow, daktari Fedor Serbinenko anasimuliwa kwamba alikuwa kwenye sherehe za Mei Mosi akiwatazama watoto wakichezesha mapulizo kwa kamba, ndipo likamjia wazo la kupeleka pulizo dogo ndani ya mshipa wa kichwa na kuliacha huko liuzibe. Mwaka 1974 aliandika habari za kazi yake, na madaktari wa nchi nyingine wakamfuata. Huyo alikuwa ni daktari aliyepata wazo lake katika sikukuu ya wafanyakazi, kwa kutazama mchezo wa watoto.

Pulizo hata hivyo lilikuwa na matata yake, kwa kuwa lina umbo lake lenyewe na kipira kina lake. Mtaliano Guido Guglielmi, akifanya kazi Los Angeles, ndiye aliyepata dawa yake. Mwaka 1990 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa uzi laini wa platinamu uliosokotwa kama springi, uitwao koili. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena, au siku hizi mkononi karibu na kiganja, akapitisha mpira uitwao katheta kufuata mshipa mkubwa wa damu mpaka shingoni na hadi ubongoni, huku akitazama njia yote katika kioo cha eksirei. Ncha ikifika ndani ya kipira, koili husukumwa, ikajiviringa humo kama uzi ndani ya kifuko. Umeme mdogo sana hupitishwa, kiungo kinayeyuka, koili inabaki na waya unarudi. Huongezwa nyingine na nyingine mpaka damu haipati nafasi ya kuzunguka mle, inaganda, na kipira kinakuwa kimezibwa kwa ndani. Kwa zile mishipa zilizojisokota, hupelekwa namna ya gundi badala ya koili. Mgonjwa akiamka ana kidonda kidogo kinachofunikwa kwa plasta.

Je, njia hii ni bora kweli, au ni upya tu unaotupendeza? Majaribio makubwa yaliyoongozwa kutoka Uingereza, yenye wagonjwa 2,143 ambao vipira vyao vilikuwa vimekwisha kupasuka, yalitangazwa mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakihudumiwa na watu wengine walikuwa kama 24 katika kila 100 kwa waliotibiwa kwa koili, na kama 31 katika kila 100 kwa waliofunguliwa fuvu. Tofauti ya watu 7 katika 100 si ndogo kwa yeyote ambaye mke wake au mzee wake ni mmojawapo wa hao 7. Ni kweli pia kwamba koili huweza kulegea baada ya muda, hivyo mgonjwa hana budi kurudi kupigwa picha. Nasisitiza hilo kwa sababu sisi wananchi tukipata nafuu tu kadi ya hospitali tunaifungia vitumbua.

Tena si kila mshipa wenye kasoro unafaa kuguswa. Mwaka 2014 yalitangazwa majaribio mengine ya mishipa iliyojisokota ambayo ilikuwa haijapasuka bado. Ikaonekana kwamba walioachwa wakapewa dawa za kutuliza dalili tu walipata kiharusi na vifo kwa uchache kuliko waliotibiwa mishipa yenyewe, hata majaribio yakasimamishwa mapema. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani nawahimiza wananchi kukimbilia Dar es Salaam kila wanapoumwa kichwa. Nazungumzia mshipa uliopasuka.

Sasa nije kwetu. Mpaka mwaka 2018 nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 50 haikuwa na mafunzo ya kazi hii ya kutibu kwa waya na katheta huku daktari akiongozwa na picha. Mwaka huo madaktari, wauguzi na mafundi wa picha kutoka Marekani walianza kuja kwa zamu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kuwafundisha wenzao, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya kazi hiyo. Waliohitimu ndio sasa wanaowafundisha wanaofuata. Nayo Taasisi ya MOI, inayoshughulika na mifupa na ubongo, ikapata mtambo wake wa kupiga picha na kutibu mishipa. Mimi nilipita chuo cha ualimu, na najua thamani ya mtu aliyefundishwa nyumbani kwa vifaa vya nyumbani. Kumpeleka mgonjwa mmoja nje kunampa nafuu mmoja. Kumleta mwalimu kunabaki. Waliolipanga jambo hili wanastahili pongezi za dhati.

Lakini pongezi zikizidi huleta usingizi, na hapa ndipo penye hoja yangu. Waya wa daktari una urefu wa kutoka kinenani mpaka kichwani. Kutoka Mbeya mjini mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na sisi wa vijijini kabla ya kufika Mbeya tunayo safari yetu nyingine.

Mwaka 2016, katika shule niliyofundisha kabla ya hii, mkoa mwingine kabisa, mwalimu mwenzetu wa kike mwenye miaka 41 alikuwa akifundisha darasa la nne saa nne asubuhi. Aliangusha chaki, akashika kisogo, akasema ni kama amepigwa rungu. Akatapika pale pale. Shingo ikawa ngumu, na mwanga wa dirishani ukamkera. Kwenye zahanati alipewa dawa za maumivu akaambiwa ni uchovu. Kesho yake aliamka ana nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyotudanganya sote, maana ndugu zake waliona sasa ni suala la nyumbani, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji aliyesema ni watu wa kazini wenye wivu. Hebu fikiria tulivyotazamana katika ofisi ya walimu juma lile! Siku ya tisa alianguka tena, na safari hii hakuzungumza. Alipofikishwa kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya CT, picha ilionyesha damu tele. Daktari alisema mshipa ulikuwa umevuja siku ile ya kwanza, na kwamba kuvuja kwa pili ndiko kunakoua. Alifariki usiku ule ule. Aliacha watoto watatu, na wa mwisho alikuwa katika darasa lile lile la nne.

Wakati ule tungeweza kusema kwamba hata angewahi, angepelekwa wapi? Leo jibu hilo halipo tena, na ndiyo maana nauliza swali jingine: zile siku tisa leo zingekuwa ngapi?

Nachelea kusema zingekuwa saba au nane. Kitaalamu, hatari ya mshipa kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Picha ya CT ikipigwa ndani ya saa 6 tangu kichwa kuanza kuuma, damu karibu haikosi kuonekana, lakini kadiri siku zinavyopita damu hufifia hata picha ikaonekana safi, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na cheti kisemacho hana kitu. Iko pia dawa ya vidonge, nimodipini, ambayo mgonjwa hupewa kwa siku 21 ili ubongo usikose damu baada ya kuvuja huko. Haya yote yanahitaji saa, si majuma. Mtambo wa thamani ukiwa Dar es Salaam na mgonjwa akiwa kwa mganga, mtambo huo ni pambo.

Kwa maoni yangu kazi ya kwanza ni ya maneno tu, haina gharama. Mtoto wa darasa la sita ukimwuliza atakutajia vyumba vinne vya moyo bila kukosea. Lakini hajui kwamba maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla, yakafikia kilele chake kwa dakika moja, makali kuliko yote ambayo mtu amepata kuyaona maishani, pamoja na kutapika au shingo kukakamaa au kuzimia, si malaria na wala si pepo. Sentensi hiyo moja ikiingizwa katika kitabu cha sayansi, pale pale penye ateri na vena, mwaka huo huo itafika katika kila nyumba yenye mtoto wa shule. Ikaandikwe pia ukutani katika kila zahanati, na chini yake yaandikwe maneno haya: apimwe presha, asipewe aspirini, apelekwe leo. Nasema aspirini kwa sababu ndiyo inayopatikana hata dukani kwa muuza chumvi, na huifanya damu isigande, wakati hapa tunataka igande.

Kazi ya pili ni ya picha. Mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, ambao sisi walimu tunaukumbuka kwa madarasa mapya, ulinunua pia mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mashine inataka fundi wa kuitengeneza, umeme usiokatika, na mtu wa kuisoma picha saa nane za usiku. Picha hupita kwenye simu kwa dakika chache. Bingwa aliyeko Muhimbili anaweza kuitazama kabla gari la wagonjwa halijatiwa mafuta, akasema huyu aje, huyu asisumbuliwe.

Halafu iko fedha. Koili huagizwa kutoka nje, na mgonjwa mmoja huweza kuhitaji nyingi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wananchi tuliipokea kwa furaha. Naomba wahusika watamke kwa lugha ya Kiswahili inayoeleweka kama koili, katheta na safari ya rufaa vinamo katika kitita cha mkulima wa jembe la mkono, au vimo tu katika kitita cha mwenye mshahara. Mimi mwalimu nina kadi. Jirani yangu, ambaye ndiye anayenilimia, shida yake haiishi kwa sababu mimi nina kadi.

Najua wako watakaosema kwamba hii ni anasa, kwamba nchi ambayo bado inahangaika na dawa za minyoo haina haja ya nyuzi za platinamu. Siwadharau, zahanati yetu nayo huishiwa. Lakini wakumbuke kwamba chumba kile kile, katheta ile ile, na daktari yule yule ndiye anayeweza kuuziba mshipa wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua na akaokoa kizazi chake, au kumzibia dereva wa bodaboda aliyepasuka wengu. Huo ugonjwa wa uzazi nao ni anasa? Ujuzi huu haukuja kwa ajili ya vichwa vya wakubwa peke yao.

Nawaomba ndugu zangu wa Wizara ya Afya jambo moja wanaloweza kulifanya mwezi huu. Wachapishe katika gazeti hili, mkoa kwa mkoa, orodha ya hospitali ambazo mashine yake ya CT inafanya kazi usiku na mchana, pamoja na namba ya simu inayopokewa. Tutaikata na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, karibu na ratiba ya vipindi. Na mashine ikiharibika, watangaze pia, ili gari la wagonjwa lisiende kule bure.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbarali, Mbeya.